Kina Mwa- wa Rungwe

Rungwe watu huzika nyumbani. Kaburi la saruji, mara nyingine limevishwa vigae vyeupe, hukaa hatua chache kutoka mlangoni, katikati ya migomba, na jina la marehemu huandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka hata na mtu aliye juu ya bodaboda. Kwa hiyo aliyekuja kutafuta majina huanza kazi kabla hajafika aendako. Kutoka Kiwira hadi Tukuyu nilisoma Mwakyusa, Mwakalinga, Mwaipopo, Mwasomola, Mwakipesile, Mwambungu. Yote yanaanza na Mwa-, na bado hakuna lililofanana na lililotangulia.

Hilo ndilo lililonitoa kwetu. Mimi ni mtu wa Tanga, na majina ya namna hii pwani tunayo. Wadigo wanayo, wa upande wetu na wa Kwale ng'ambo ya mpaka. Chirau Ali Mwakwere, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Kenya, ni wa huko. Wataita wanayo pia, kina Mwatela na kina Mwadeghu. Bondia Hassan Mwakinyo alipompiga Sam Eggington kule Birmingham, Septemba 2018, vijiweni Dar es Salaam nilisikia watu wakibishana kama ni mtu wa Mbeya au wa Tanga, na waliosema Mbeya hawakuwa na ushahidi mwingine ila jina. Ni wa Tanga. Lakini ubishi ule ulinikaa kichwani. Kutoka kwetu hadi Tukuyu ni zaidi ya kilomita elfu moja, na sehemu kubwa ya njia unapita kwa watu ambao majina yao mengi hayajengwi hivyo. Nikataka kwenda kuona yanakozaliwa.

Kulikuwa na jina moja hasa. Nilikutana nalo kwenye cheti cha mtu niliyefanya naye kazi zamani, na tangu hapo sikulisikia tena kwa mtu mwingine yeyote. Silitaji hapa, kwa kuwa wenye nalo ni wachache kiasi kwamba kulitaja ni kama kuwaonyesha kidole mlangoni kwao. Msomaji aniwie radhi. Majina mengine yote nitayataja.

Tukuyu ni mji mdogo uliokaa mgongoni mwa vilima, na Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, umeusimamia kaskazini. Ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Asubuhi ukungu hukaa barazani kama mgeni aliyekuja kwa muda mrefu, na wauza ndizi sokoni huwa wameshafika ndani ya ukungu huohuo na mikungu yao, pamoja na maparachichi, viazi na maharage mabichi. Wajerumani waliufanya mji huu kituo chao baada ya kuhama ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako walikuwa wamejenga Langenburg ya kwanza. Huku juu wakapaita Neu-Langenburg. Waingereza walipoingia mwaka 1916, jina la Kijerumani lilikufa na Tukuyu ikabaki Tukuyu. Wajerumani hao waliiita nchi yote hii Konde, na jina hilo halikufa lote: Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambayo makao yake yako hapahapa mjini, inalitumia mpaka leo.

Nyumba ya wageni niliyofikia, dada wa mapokezi alinisalimu kwa Kinyakyusa, "Mwagonile," akaona nimekwama, akahamia Kiswahili. Alipoandika jina langu la kwanza kwenye kitabu cha wageni alisubiri, kalamu mkononi, kisha akauliza, "Mwa- nani?" Nilimwambia sina Mwa-. Akanitazama kwa huruma ya kweli. Nikamweleza nilichofuata, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshampigia simu baba yake mdogo, mwalimu mstaafu anayeishi upande wa Masoko, chini kidogo ya mji, kule kwenye ziwa dogo la Kisiba lililomo ndani ya shimo la volkano ya kale.

Mwalimu alinipokea chini ya mparachichi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanifundisha kumwita tata kama wanavyomwita vijana wa pale. Nilipomuuliza kwa nini majina ni mengi hivi, hakujibu upesi. Alinionyesha mgomba uliokuwa mbele yetu, na machipukizi yaliyouzunguka chini. "Mgomba hauendi mbali," alisema. "Unatoa chipukizi pembeni. Ukiling'oa ukalipanda kule, hilo ni shamba jingine, lina mwenyewe mwingine. Sisi tulikuwa hivyo."

Alichokieleza kwa mgomba, Godfrey na Monica Wilson walikieleza kwa vitabu. Hao ni mke na mume, wanaanthropolojia, waliokaa na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu cha Monica kinachoitwa Good Company, kilichotoka mwaka 1951, kinahusu jambo moja ambalo ni nadra sana duniani: vijiji vya rika. Mvulana wa Kinyakyusa akifika miaka kumi au kumi na moja hakulala tena kwa baba yake. Alikwenda na wenzake wa rika lake kujenga vibanda pembeni, wakaendelea kula kwa mama zao lakini wakilala huko, na vibanda vile vikakua vikawa kijiji, wakaoa humo, wakazeeka humo. Hapakuwa na kijiji cha ukoo. Ndugu wa baba mmoja waliopishana umri waliishi vijiji tofauti, na jirani yako alikuwa mwenzako wa kuchunga, si mtoto wa baba yako mdogo.

Kisha, mara moja katika kila kizazi, takriban kila miaka thelathini, ikaja sherehe ya ubusoka. Chifu mzee alikabidhi nchi kwa wanawe, na nchi ikagawanywa kwa wana wawili wakubwa wa nyumba zake mbili kuu. Kila mmoja akatoka na vijana wa rika lake na viongozi wao. Kizazi kilichofuata, wawili wakawa wanne pale ardhi iliporuhusu. Ndiyo sababu Wazungu walipofika hawakukuta mfalme mmoja wa Wanyakyusa, bali makumi ya wakuu wadogo, kila mmoja juu ya mgongo wake wa kilima, ng'ombe wake wakionekana na jirani yake.

Sasa weka majina ndani ya mpango huo. Mwa- ni mtoto wa fulani, au uzao wa fulani, na huyo fulani alikuwa mtu hasa, aliyetoka na watu wake siku fulani akapata mahali pake. Kyusa alikuwa mtu, na watoto wake ni kina Mwakyusa. Kipesile alikuwa mtu. Ndosya alikuwa mtu. Mwalimu aliniambia kwamba babu yake na baba wa babu yake hawakuitwa Mwa- moja. Kila mmoja aliitwa kwa jina la aliyemzaa, na jina la mzazi wa mbali likaachwa libaki kwenye tambiko na kwenye kumbukumbu ya wazee. Hata jina la kabila husimuliwa kuwa limetokana na huyohuyo Kyusa. Monica Wilson aliandika kwamba Wanyakyusa hapo mwanzo walikuwa watu wa tambarare ya ziwani tu. Watu wa milimani walikuwa Wakukwe, Waselya, Walugulu, na ni utawala wa kikoloni uliolitandaza jina hilo juu ya wote.

Nilimuuliza mwalimu kama majina haya yalikuja na watawala, kwa kuwa masimulizi ya hapa yanasema koo za watawala zilishuka kutoka Bukinga, ng'ambo ya milima ya Livingstone, na mmoja wa wakubwa wao, Lwembe, akawa na kichaka kitakatifu Lubaga, wakati Kyungu alikwenda mbele hadi Ngonde, huko ambako leo ni Karonga. Alitikisa kichwa. Akaniambia nipande Makete siku moja nisome makaburi ya Wakinga. Sikuhitaji kupanda, nina marafiki Wakinga wa kutosha. Ni kina Sanga, kina Chaula, kina Tweve, na Sanga pekee ni wengi mno. Ukoo mmoja umebeba watu wote hao bila kugawanyika jina. Kwa maoni yangu, hilo linatosha kuonyesha kwamba hawa waliotoka Bukinga, kama kweli walitoka huko, hawakuja na Mwa- mfukoni. Waliikuta bondeni au waliizaa bondeni, kwenye nchi yenye mvua na udongo mzuri, ambako kijana aliweza kusogea hatua chache tu na kuwa mwanzo wa jambo jipya.

Kwa Wadigo na Wataita mimi sioni haja ya kutafuta undugu wa damu. Lugha zetu za Kibantu zina mwana, na mwana wa fulani likisemwa haraka kwa miaka mingi hubaki Mwa-. Watu wawili wanaweza kulifikia jambo hilo bila kuonana.

Kulikuwa na swali la pili, zito zaidi: kama majina yalikuwa yakibadilika kila kizazi, yalisimama lini?

Kwa hilo nilikwenda Rungwe yenyewe, misheni ya Wamoraviani iliyo mlimani. Wamisionari wao, Theodor Meyer na Theophil Richard miongoni mwao, walifika mwaka 1891 kwa njia ya ziwani, na mwaka huohuo wenzao wa Misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky walianza upande mwingine wa nchi hii. Ukisimama pale mbele ya kanisa unaelewa kwa nini walipachagua. Hewa ni ya baridi, maji yanatiririka kila upande, na chini nchi yote imefunikwa migomba hadi macho yanapokoma.

Ubatizo ulihitaji kitabu. Mwongofu alipewa jina jipya, na Wamoraviani na Walutheri hawakung'ang'ania majina ya Kizungu pekee, ndiyo maana mpaka leo Rungwe imejaa Wakristo wanaoitwa Ambakisye, Lusekelo, Gwamaka, Tumpale, Lugano, Atupele na Kissa. Lakini Lusekelo ni wengi. Ili kumtofautisha huyu na yule, karani wa kanisa aliandika na jina la baba, lile la Mwa-. Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba, na mkusanya kodi naye alihitaji orodha ambayo mwakani angeitambua. Waingereza wakaja na kodi yao ya kichwa na machifu wachache waliowateua wawe wakubwa wa wengine. Shule zikaja na daftari la mahudhurio. Kila kalamu ilitaka jina lisilobadilika. Lusekelo aliyebatizwa kwa Mwa- ya baba yake, mtoto wake alipofika shuleni hakuandikwa Mwa-Lusekelo. Aliandikwa Mwa- ileile ya babu. Na ubusoka nao ukawa umekoma, kwa kuwa ardhi ya kugawa ilikwisha na wakoloni hawakutaka wakuu wanaozaliana. Machifu wenyewe walifutwa kisheria mwaka 1963.

Kwa hiyo ramani ya majina tunayoiona leo imepigwa picha katika kizazi kimoja au viwili, kati ya 1891 na vita vya pili vya dunia. Aliyekuwa na wana wengi waliobatizwa na kusoma wakati huo, jina lake leo liko kila wilaya. Aliyekuwa na mabinti tu, au ambaye wanawe walikufa, au waliandikwa kwa jina la mjomba aliyewalea, jina lake limebaki na nyumba mbili tatu. Uingereza mambo yalikwenda hivyo pia, ila mapema: baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, majina ya ukoo yalianza kurithiwa, na kufikia karne ya 15 familia nyingi zilikuwa nayo. Huko watafiti wa majina adimu hutumia sensa ya mwaka 1881, iliyoandika kila mtu kwa jina, na mara nyingi hukuta kwamba jina adimu bado linakaa karibu na parokia moja au mbili lilikozaliwa. Sisi hatuna kitabu hicho. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho nchini kutangaza hata hesabu ya watu kwa kabila, na naikubali sababu ya kuacha. Lakini mtafuta jina hana budi kwenda kwa miguu.

Nilikwenda. Mwalimu alinipa kijana wa kunipeleka, na tukaacha lami pale Katumba tukaingia upande wa Busokelo, kwenye njia ya Mwakaleli, ambako hata mahali pana jina la Mwa-. Mashamba ya chai yamelala juu ya miinuko, kijani cha aina moja tu, na wachumaji wanaonekana kiunoni kwenda juu. Huko, kwenye boma moja lenye nyumba tatu, ndiko lilikokuwa jina langu.

Mwenye boma hakuwepo. Alikuwepo mama yake, bibi wa miaka themanini hivi, na mjukuu wake wa darasa la sita. Tuliletewa ndizi zilizopikwa na maharage, na maziwa ya mgando, tukala kwanza. Huwezi kuuliza kitu kwa watu ambao hujala kwao. Kisha nikamuuliza bibi, kwa adabu niliyoweza, jina la ukoo wa mume wake. Aliinamisha kichwa. Akamtazama mjukuu. Mtoto akalitamka, wazi na kwa sauti, na bibi akaitikia, "Ndilo."

Kijana aliyenileta alinieleza njiani baadaye. Mwanamke wa Kinyakyusa wa zamani hakutaja jina la baba mkwe wake, wala hakukaa naye uso kwa uso. Akimwona njiani alijitenga. Zaidi ya hapo, aliepuka hata maneno ya kawaida yaliyofanana kwa sauti na jina hilo. Wanawake waliunda maneno mengine ya kutumia mahali pake, na namna hiyo ya kusema ina jina, ingamwana. Bibi yule, tangu aolewe, amekuwa akiliepuka jina nililokuwa ninalifuata. Watoto wake wote wanaitwa hilo, kaburi lililo hatua chache kutoka alipokaa limeandikwa hilo, na yeye ndiye anayelijua kuliko wote, maana ni yeye aliyelazimika kulifikiria kila alipofungua mdomo. Monica Wilson aliijua desturi hii kabla hajafika hapa. Alikuwa ameikuta kwa Wapondo wa Afrika Kusini, ambao aliandika juu yao kitabu chake cha kwanza.

Bibi alikuwa na kitu kingine cha kunionyesha, na huyo mjukuu ndiye aliyetumwa ndani kukileta. Lilikuwa daftari la shule lenye kava lililolowa na kukauka, lililoandikwa juu "RAMBIRAMBI" pamoja na tarehe ya msiba wa babu. Ndani, ukurasa kwa ukurasa, kalamu ya mtu mwenye mwandiko mzuri ilikuwa imeandika nani ametoa nini na ametoka wapi. Kuku mmoja, Kandete. Mchele debe moja, Kyela. Shilingi elfu tano, Makongolosi. Shilingi elfu kumi, Rujewa. Dar es Salaam, Mbagala. Tunduma. Na katikati ya Mwa- za kila aina, lile jina moja, mara chache, likiwa limetawanyika kwenye safu ya mahali. Sikuwahi kuona takwimu za majina zilizo wazi kuliko zile. Mtu asingeweza kufika bila kuandikwa, maana siku ya msiba wake familia lazima ijue la kurudisha.

Nilinakili mahali bila majina ya watu, na karibu kila mahali pale palikuwa na historia inayojulikana. Makongolosi ni Chunya, kwenye dhahabu ya Lupa, iliyowavuta vijana wa Rungwe tangu miaka ya 1920 na 1930. Rujewa ni Usangu, ambako Wanyakyusa waliobanwa na ardhi nyumbani walihamia kulima mpunga. Tunduma ni njia ya Zambia, na wengi walikwenda mbele zaidi hadi migodi ya shaba. Halafu reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, ikampa mtu njia rahisi ya kulibeba jina hadi Dar es Salaam. Mbeya mjini nayo ilijazwa na watu hawa hawa. Ukipita maeneo yake unasoma Mwanjelwa na Mwakibete.

Wengine majina yao yalikwenda mbali zaidi ya mashamba na migodi. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye magazeti mengine yalimwandika Masapila, alikuwa akiishi Samunge, Loliondo, katikati ya Wasonjo na Wamasai, mwaka 2011 maelfu ya watu walipopanga foleni kunywa kikombe chake. Alifariki Julai 2021. Mwandishi Godfrey Mwakikagile, aliyeandika pia juu ya Wanyakyusa, alizaliwa Kigoma mwaka 1949. Na Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari, ni mzaliwa wa Kilimanjaro. Jina linaweza pia kukaa nyuma bila kupotea: Tulia Ackson, mwenyeji wa Rungwe aliyekuwa Spika wa Bunge na kuchaguliwa rais wa Umoja wa Mabunge Duniani mwaka 2023, dunia inamjua kwa jina la baba, lakini Tukuyu wanajua kwamba ni Mwansasu.

Ninayempenda kumtaja kuliko wote ni John Mwakangale. Viwanja vya Nanenane vya Mbeya vinaitwa kwa jina lake, na vijana wengi wanaokwenda kuangalia matrekta na mbegu hapo hawamjui. Alikuwa mbunge wa TANU. Mwaka 1962 Nelson Mandela, akitoroka Afrika Kusini kwa siri kutafuta msaada, alitua Mbeya pamoja na mwenzake na kufikia hotelini. Katika kumbukumbu zake ameeleza kwamba Mwakangale alikuwa amefika kumuulizia, na mhudumu Mzungu akasahau kumpa ujumbe. Mwafrika mmoja aliyekuwa pale akamkumbusha mhudumu yule, kwa adabu lakini kwa uthabiti, kwamba hawa ni wageni wetu. Mandela aliandika kwamba hapo ndipo alipoona yuko kwenye nchi inayotawaliwa na Waafrika. Na jina la kwanza alilolitafuta kwenye ardhi yetu lilikuwa la Mwa-.

Daftari lilikuwa na mahali pamoja pa mwisho ambapo sikupatarajia. Karonga. Mistari mitatu, na mitatu yote ilikuwa na jina lile.

Nikashuka Kyela. Njia inateremka haraka kutoka kwenye baridi, chai inaisha, ndizi zinapungua, kakao na michikichi inaanza, na mpunga unatandaza tambarare yote hadi ziwani. Kasumulu ni kijiji cha mpakani chenye pilika kubwa kuliko ukubwa wake: malori, wabadilisha fedha, baiskeli zilizobeba sukari na mafuta. Mto Songwe uko hapo chini, wa rangi ya udongo. Mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa tarehe 1 Julai 1890 uliufanya mpaka, miaka kadhaa kabla mtoto yeyote wa Rungwe hajaandikwa kwenye daftari lolote, na mto huo huhama njia yake mvua zikizidi, kiasi kwamba serikali za Tanzania na Malawi zimelazimika kuwa na mpango wa pamoja wa bonde lake. Watu wa pande zote mbili wanasemezana bila mkalimani. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela wana lugha moja yenye lafudhi mbili, na ng'ambo kule majina ni yaleyale: chifu Mwakaboko, jaji Dunstain Mwaungulu, mtetezi wa haki za binadamu Undule Mwakasungula. Kyungu ndiye chifu wao mkuu mpaka leo, kwa cheo kilekile cha masimulizi ya Lubaga.

Nilikaa kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza mchele, nikamuuliza kama anawajua watu wa jina langu upande wa pili. Nilikuwa nimeshazoea jibu la Rungwe: watu hutafakari, huulizana, husema labda kule Mwakaleli. Yeye hakufikiri hata kidogo.

"Hao? Hao ni wengi, baba. Kuna kijiji chao kizima, unapita boma la Kilupula unaelekea ziwani. Mimi mwenyewe mdogo wangu ameolewa huko." Akaendelea kupima mchele. "Kama unaenda leo, vuka kabla ya saa kumi, magari ya kwenda Karonga jioni ni ya shida. Ukifika uliza shuleni. Nusu ya darasa watakuitikia."